Sentensi Niliyoiandika Kuhusu Apache

Mwaka 2008, katika jarida la vijana lililokuwa likichapishwa Nairobi, niliandika makala ya kuitambulisha helikopta ya mashambulizi ya Apache. Ndani yake mna sentensi hii: "Kutoka umbali wa kilomita nane, usiku wa giza totoro, jicho lililo juu ya mapanga yake humtenga mwenye silaha na asiye na silaha." Si kweli. Haikuwa kweli siku niliyoiandika, na nilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo. Jarida lilifungwa zamani, lakini makala ilisomwa madarasani, ikatolewa nakala, na hadi leo nakutana na watu wazima wanaoniambia kwamba ndiyo iliyowafanya wapende ndege. Kosa nililifanya hadharani, basi na maungamo nayatoa hadharani.

Nianze na chombo chenyewe kama kilivyo, maana nusu ya kosa langu imo humo.

Apache ilibuniwa na kampuni ya Hughes ya Marekani katika miaka ya 1970, wakati hofu kuu ya majeshi ya NATO ilikuwa vifaru vya Kisovieti kumiminika Ulaya ya kati. Iliruka mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1975 na ikaingia jeshini katikati ya miaka ya 1980. Baada ya kampuni kununuliwa na nyingine, na hiyo nayo kuungana na nyingine, leo ni mali ya Boeing na huundwa Mesa, Arizona. Ukikumbuka kwamba ilizaliwa kwa ajili ya kuwinda vifaru, kila kiungo chake kinaeleweka. Hubeba watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Rubani hukaa nyuma, juu kidogo; mbele hukaa mpigaji, ambaye naye amefunzwa kurusha helikopta. Injini zake mbili zimewekwa mbalimbali, moja kila ubavu, ili pigo moja lisizizime zote. Chini ya pua unaning'inia mzinga wa milimita 30 unaoweza kulishwa hadi risasi 1,200. Kwenye mabawa yake mafupi hutundikwa hadi makombora 16 ya Hellfire, au roketi 76 za milimita 70, au mchanganyiko wa hayo kwa kadiri ya kazi ya siku.

Macho yake yako puani. Kuna vichwa viwili vinavyozunguka. Cha juu, kidogo, ni cha rubani: kamera inayoona joto, ili aweze kuruka chini chini usiku bila taa. Cha chini, kikubwa, ni cha mpigaji: kina kamera ya joto, kamera ya televisheni ya mchana, na leza ya kupimia umbali na kumulikia shabaha. Kofia ya rubani ina kipande cha kioo mbele ya jicho la kulia, na picha ya kamera huja pale pale pamoja na mwendo, kimo na mwelekeo. Akigeuza kichwa, kamera hugeuka. Ukiunganishwa na kofia, hata mzinga hugeuka kufuata anapotazama. Jicho la kushoto hubaki wazi kutazama nje. Kamera ile iko mita kadhaa mbele na chini ya kichwa chake, kwa hiyo jicho moja linaiona dunia likiwa mahali pamoja na la pili likiwa pengine. Marubani huchukua muda mrefu kuizoea hali hiyo, na wakati wa mafunzo wengi huumwa na kichwa. Hayo yote niliyaandika, na yalikuwa sahihi. Niliyaandika kwa furaha, na hata sasa ninapoyarudia naona ni kazi ya akili kubwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la ufundi. Juu kabisa ya mapanga, baadhi ya Apache zina kuba la duara. Niliwaambia vijana kwamba hilo ndilo jicho linaloona watu. Silo. Ni rada, iitwayo Longbow, iliyoanza kutumika jeshini mwishoni mwa miaka ya 1990 pamoja na Apache ya toleo la D. Hutoa mawimbi mafupi sana ya redio na kusikiliza yanayorudi, kisha huyapanga yaliyorudi kwa aina: hili ni gari la magurudumu, hili ni la minyororo, hii ni ndege. Imewekwa juu ili helikopta ijifiche nyuma ya kilima au miti na kuchungulia kwa kuba peke yake. Ni chombo cha kutafuta chuma. Haimjui mtu aliyesimama kwenye kona ya nyumba, sembuse kujua ameshika nini. Na Apache nyingi huruka bila kuba hilo kabisa.

Kosa la pili lilitoka kwenye namba. Hellfire hufika kilomita nane hivi. Nikachukua umbali wa kombora nikaufanya kuwa umbali wa macho, kana kwamba kila linapofika kombora, jicho nalo limekwisha kufika na kujua. Wahandisi wenyewe hawajawahi kudanganyana hivyo. Mwaka 1958 John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, alionyesha kwamba kuona kwa kutumia vyombo kuna ngazi. Kwanza unajua tu kwamba kuna kitu. Kisha, picha ikiwa na undani zaidi, unajua ni kitu cha namna gani: ni mtu, ni gari, ni lori. Mwisho kabisa, kwa undani mkubwa zaidi, unajua ni gari gani hasa. Kila ngazi hudai ukaribu zaidi au lenzi kali zaidi, na umbali wa kujua kwamba kitu kipo ni mkubwa kuliko umbali wa kukijua. Hata ngazi ya juu kabisa haisemi yule mtu anataka nini. Kamera ya joto huonyesha joto. Mtu aliyebeba fimbo, bomba la maji au bunduki huonekana kama umbo jeupe lililoshika mstari, au umbo jeusi, kutegemea rubani ameiwekaje skrini yake. Rangi ya shati haipo, wala sura. Wala sauti ya mtu anayemwita mwenzake haipo.

Niliandika hivyo kwa sababu chanzo changu kilikuwa vijitabu vya kutangaza biashara, vile vya karatasi ya kung'aa vinavyogawiwa kwenye maonyesho ya silaha, pamoja na vipindi vya televisheni vilivyotengenezwa kutokana na vijitabu hivyo hivyo. Nilitaka pia jambo jema. Nilitaka kijana wa Kisumu au Voi asione kwamba fizikia ya joto, ya rada na ya leza ni mambo ya watu wengine. Nia hiyo sitaikana. Lakini muuzaji wa silaha haandiki pale silaha yake inaposhindwa, na mimi nilimfuata hatua kwa hatua.

Nilisimulia, kwa mfano, jinsi Apache nane zilivyofyatua risasi za kwanza za vita vya Ghuba usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1991, zikavunja vituo vya rada vya Iraq ili ndege za kivita zipite. Ni kweli. Nikaacha kusema kwamba zilifikishwa huko na helikopta nyingine, MH-53 za jeshi la anga, ambazo zilikuwa na vyombo bora vya kujua njia. Nilisema ngozi ya Apache haipenywi na risasi. Lakini mwezi Machi 2003 Apache zaidi ya thelathini zilitumwa usiku kukishambulia kikosi cha Medina cha jeshi la Iraq karibu na Karbala, zikapokewa kwa risasi za bunduki na mizinga midogo kutoka kwenye mapaa ya nyumba. Moja ilianguka na watu wake wawili wakatekwa, na karibu zote zilizorudi zilikuwa zimetobolewa. Hapo chombo kinastahili sifa moja ya kweli: kilitobolewa na bado kikawarudisha watu wake. Lakini shambulio lenyewe lilishindwa. Habari hiyo ilikuwa na miaka mitano nilipoandika. Niliijua.

Nilijua pia habari ya usiku wa tarehe 17 Februari 1991, mpakani mwa Saudi Arabia na Iraq. Kamanda wa kikosi cha Apache, akiwa mwenyewe kwenye kiti cha kupigia, aliyaona magari mawili kwenye kamera ya joto. Aliyaona vizuri. Vyombo vyake vilikuwa vikimwonyesha alipo na anapoelekea, lakini mwelekeo aliuchukua visivyo, akaamini magari yale yako upande wa adui. Kinasa sauti kilihifadhi sauti yake akisitasita. Akafyatua Hellfire, na makombora yakapiga sawasawa. Yalikuwa magari ya deraya ya Marekani, na askari wawili wa Marekani wakafa. Kosa la usiku ule halikutoka kwenye helikopta. Kamera ilifanya kazi, leza ilifanya kazi, kombora lilifanya kazi. Habari hii peke yake ingetosha kuiondoa sentensi yangu. Sikuiweka kwenye makala kwa sababu ingeivuruga hadithi niliyokuwa nimekwisha kuipanga kichwani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonilemea kuliko yote.

Tarehe 12 Julai 2007, asubuhi, Apache mbili zilikuwa zikizunguka juu ya mtaa mmoja wa mashariki mwa Baghdad. Chini yao lilikuwepo kundi la wanaume. Wawili kati yao walikuwa wafanyakazi wa shirika la habari la Reuters: Namir Noor-Eldeen, mpiga picha, na Saeed Chmagh, dereva na msaidizi. Namir alichungulia kwenye kona ya nyumba akiwa ameinua kamera yenye lenzi ndefu. Kwenye skrini ya helikopta lenzi ile ilionekana kuwa bazuka. Mpigaji aliomba ruhusa, akapewa, na mzinga wa milimita 30 ukafyatuliwa. Saeed alijeruhiwa, akawa anatambaa. Gari dogo likaja kumchukua, nalo likapigwa. Dereva wa gari hilo aliuawa, na watoto wake wawili waliokuwa ndani wakajeruhiwa. Waliokufa kwa jumla walizidi kumi. Uchunguzi wa jeshi la Marekani ulisema kulikuwa na silaha katika kundi lile, na ukahitimisha kwamba marubani walifuata kanuni na hawakuwa na njia ya kujua kwamba kuna waandishi wa habari. Reuters waliomba video ya helikopta, wakanyimwa. Ilikuja kuonekana na ulimwengu Aprili 2010, ilipotolewa na tovuti ya WikiLeaks.

Tazama tarehe. Namir na Saeed waliuawa mwaka 2007. Mimi niliandika mwaka 2008. Vifo vyao vilikuwa vimekwisha kutangazwa, na ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba helikopta zilihusika. Niliisoma habari hiyo Nairobi kama walivyoisoma wenzangu wote wa kazi hii. Kisha nikakaa mezani nikawaambia watoto kwamba Apache humtenga mwenye silaha na asiye na silaha.

Na kwa mwandishi wa Nairobi kuna tarehe nyingine ambayo hana ruhusa ya kuisahau. Tarehe 12 Julai 1993, siku ile ile ya mwezi, miaka 14 kabla ya Baghdad, helikopta za Cobra za Marekani ziliishambulia nyumba moja mjini Mogadishu ambamo wazee na watu wengine wa ukoo wa Jenerali Aidid, kiongozi wa wapiganaji wa Kisomali, walikuwa wamekutana. Cobra zilitumia mizinga na makombora ya TOW, yale yanayofungua waya mwembamba nyuma yao, huku mpigaji akiishikilia alama juu ya shabaha hadi mwisho. Nyumba iliyopigwa ndiyo iliyokusudiwa. Aidid hakuwemo. Msalaba Mwekundu ulihesabu zaidi ya watu hamsini waliokufa. Waandishi walipofika kupiga picha, umati uliojaa uchungu uliwageukia na kuwaua wanne: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, na Hansi Krauss, Mjerumani wa shirika la habari la AP. Watatu wa kwanza walikuwa wa Reuters.

Hawa hawakuuawa na helikopta, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini walikufa kwa sababu ya lililotokea muda mfupi kabla, silaha ilipopiga barabara mahali ilipoelekezwa, na mwelekezaji asijue vya kutosha ni nani waliokuwa ndani. Nilikuwa kijana wakati ule. Majina yao niliyasikia nyumbani kabla sijaingia kwenye kazi hii, na nilipoingia niliwakuta watu waliokula nao, waliofanya nao kazi, waliowazika. Ningeweza kumuuliza yeyote kati yao maswali kuhusu helikopta za mashambulizi. Niliviuliza vijitabu.

Video ya Baghdad ilipotoka mwaka 2010, mpiga picha mmoja mzee, mtu wa kizazi cha Hos Maina, alinipigia simu. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mwanangu, nimeisoma tena ile makala yako. Hos naye alikuwa akibeba lenzi ndefu. Kwa kipimo ulichowapa watoto, yeye angekuwa nani?" Nilimjibu kwamba lile lilikuwa kosa la watu, si la mashine. Akanyamaza, akaniombea heri, akakata simu.

Jibu langu ndilo kosa la tatu, na ni baya kuliko mawili ya kwanza, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimekwisha kuiona video kwa macho yangu. Nilikuwa nimeona kwamba watu na mashine hawatengani namna hiyo. Mpigaji yule haoni mtaa, anaona skrini. Amekaa mahali ambapo mzinga unafuata jicho, na umbo lile jeusi linamfikia pamoja na alama ya shabaha katikati yake. Kabla hajajiuliza huyu ni nani, chombo chenyewe kimekwisha kumpa jina: shabaha. Mashine iliyojengwa kutafuta vifaru kwenye uwanda wa Ulaya ilikuwa imepelekwa kuchagua watu katika mtaa wanamoishi watu. Kuisifu kwa kuona, bila kusema inaona nini na haioni nini, ni kumpa mpigaji uhakika asiokuwa nao, na ni kumfundisha kijana anayesoma kwamba aliyepigwa lazima alistahili.

Jarida lilikuwa bado hai mwaka 2010. Ukurasa wa pili wa kila toleo ulikuwa na nafasi ya masahihisho, na mhariri alikuwa mtu ambaye angenipa nafasi hiyo bila kuuliza maswali. Sikuiomba. Nilijiambia kwamba wasomaji wamesahau. Hawakuwa wamesahau; mwalimu mmoja wa fizikia aliniambia baadaye kwamba aliitumia makala ile katika somo la miale ya joto mwaka hadi mwaka. Mzee yule naye amekwisha kufariki, na sikuwahi kumpigia kumwambia kwamba alikuwa na haki.

Basi sahihisho lenyewe ni hili. Mahali palipoandikwa kwamba jicho lililo juu ya mapanga ya Apache humtenga mwenye silaha na asiye na silaha kutoka kilomita nane, pasomeke hivi: "Kuba lililo juu ya mapanga ya baadhi ya Apache ni rada ya kutafuta magari na ndege. Watu huonekana kwa kamera zilizo puani, kama maumbo ya joto au picha isiyo na rangi, na mara nyingi chombo hakiwezi kusema wameshika nini. Tarehe 12 Julai 2007 mjini Baghdad kamera ya Namir Noor-Eldeen ilidhaniwa kuwa bazuka, akauawa pamoja na mwenzake Saeed Chmagh na watu wengine." Na palipoandikwa kwamba risasi haziipenyi, pafutwe.

Walimu wanaoitumia makala ile, msiitupe. Maelezo ya leza, ya kofia na ya kamera ya joto bado ni sahihi na yatawafaa wanafunzi wenu. Lakini nawaomba, na nawaomba wote wenye nakala, muipige kalamu sentensi ile na kuliandika sahihisho pembeni kwa mkono wenu, na majina ya Namir Noor-Eldeen na Saeed Chmagh muyaandike kwa ukamilifu.